Ripoti za NEMA kwa wenye insinereta: mwongozo kamili, kutoka getini hadi odit ya mwaka

Kitabu cha zamu cha insinereta, yaani tanuri la kuteketeza taka, kilikuwa na jalada jeusi, kimelowa diseli kwa kona. Ofisa aliyekuja kukagua alikifungua katikati akapitisha kidole kwa safu ya joto: 860, 860, 860, 860, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kalamu moja, mwandiko mmoja, hata pale saa saba usiku ambapo stima ilipotea Industrial Area yote na nusu ya Nakuru ikalala giza. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Hapa stima ilikuwa?"

Mimi nilikuwa na wiki tatu kwa hiyo kazi. Nilijua jibu na yeye alijua najua.

Tangu siku hiyo kazi yangu imekuwa ripoti za insinereta, nyingi Nakuru, chache Kisumu na upande wa Webuye, na watu wananiuliza maswali yale yale kila mwaka ikifika Novemba, ati "tuandikie ripoti ya NEMA haraka", yaani ile ya mamlaka ya taifa ya mazingira. Sasa wacha niweke yote hapa mara moja. Na kitu cha kwanza ujue ni hiki, ripoti yako haiandikwi na wewe wala na mtaalamu unayemlipa, inaandikwa na opereta wa usiku akiwa na usingizi, kila nusu saa, mwaka mzima. Wewe mwishoni unajumlisha tu. Kama alichoandika ni uongo, hakuna mtaalamu wa kukuokoa.

Kwanza jua unadaiwa nini na nani

Watu wanachanganya hapa sana manake karatasi ni nyingi na zote zinaitwa "za NEMA". Sheria mama ni EMCA, sheria ya usimamizi wa mazingira ya 1999, ikarekebishwa 2015. Chini yake kuna kanuni, na zinazokugusa wewe mwenye insinereta ni hizi: Kanuni za Tathmini ya Athari kwa mazingira na Odit (ukaguzi) za 2003, Kanuni za Taka za 2006, Kanuni za Ubora wa Maji kama una skraba (mtambo wa kuosha moshi kwa maji) au unaosha sakafu na maji yanatoka nje, na Kanuni za Ubora wa Hewa. Halafu ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, hii wengi hawajaisoma, inataka kampuni binafsi iwe na mpango wa taka wa miaka 3 na kila mwaka upeleke NEMA ripoti ya vile mpango unaenda.

Kwa lugha ya ofisini hiyo inakuwa makaratasi hivi. Leseni ya tathmini ya athari, ile ulipewa kabla ya kujenga. Leseni ya kuendesha kituo cha kuteketeza taka, inalipiwa kila mwaka. Leseni ya kutoa moshi hewani, kila mwaka pia. Leseni ya kumwaga maji machafu kama yapo. Na gari linalokuletea taka lazima liwe na leseni yake ya kusafirisha, sio yako, lakini ukipokea taka kutoka gari lisilo na leseni wewe pia umeingia kwa shida.

Kuna watu wanasema "mimi nachoma taka za kiwanda changu tu, sichomi za mtu, hizo hazinigusi". Zinakugusa. Moshi hauulizi taka ni za nani.

Sasa fanya hivi leo, kabla ya kusoma zaidi: toa hiyo leseni ya tathmini ya athari kwa faili, geuza nyuma, soma masharti. Yote. Wengi hawajawahi. Huko ndio kuna vitu kama chimni iwe na urefu gani, upime moshi mara ngapi, majivu yaende wapi, na masharti hayo ndio odit inaanzia. Mimi huyaandika kwa kitabu kila sharti na mstari wake, nikiacha nafasi ya kuandika "limetimizwa, ushahidi uko faili gani". Ukimaliza hiyo kazi ya asubuhi moja umemaliza robo ya odit yako, sikutanii.

DOSH, idara ya usalama kazini, ni mambo mengine, hao wako chini ya sheria ya usalama kazini ya 2007, wana odit yao ya mwaka na wanataka wafanyakazi wapimwe afya. Kaunti nayo ina yake, Katiba kwa Jedwali la Nne imewapa kaunti taka na hata udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kwa hivyo ofisa wa mazingira wa kaunti akikuja usimwambie "mimi ni wa NEMA". Mkaribishe chai.

Getini

Hapa ndio hesabu yote inazaliwa. Kila mzigo wa taka hatari unaoingia lazima uje na fomu ya ufuatiliaji, ile inaonyesha taka zimetoka kwa nani, ni aina gani, kiasi gani, nani amebeba, nani amepokea. Kila mmoja anabaki na nakala yake. Usitie sahihi kwa fomu kabla ya kupima. Nimeona fomu imeandikwa kilo 120 na mizani inasema 97, dereva anasema "aah weka tu 120 madam alishaandika". Usiweke. Andika 97, andika tofauti ni 23, dereva atie sahihi hapo kando, na upigie aliyetuma taka siku hiyo hiyo. Kwa sababu hizo kilo 23 ziko mahali, labda wamekosea kupima, labda zimeachwa kwa shimo njiani, na ikipatikana mifuko ya kampuni fulani kwa mtaro wa Njoro fomu itakayotafutwa ni hiyo yenye sahihi yako.

Mizani yenyewe ipelekwe ikaguliwe na watu wa Vipimo na Mizani, cheti ukibandike ukutani karibu nayo. Mizani isiyo na cheti inafanya kila namba yako ya mwaka kuwa maoni.

Halafu fungua, angalia. Vitu ambavyo mimi sitaki kuona kwa chemba ya kuchomea: betri, simu na bodi za elektroniki, makopo ya spreyi (yanalipuka, opereta mmoja alipoteza nyusi zote), themomita za zebaki, na mabomba ya PVC kwa wingi. Zebaki haichomeki, inageuka mvuke inapitia chimni inaenda kuanguka kwa sukuma wiki ya jirani. PVC ina klorini, na klorini ikichomwa vibaya ndio inaleta asidi ya haidrokloriki na dioksini, sumu kali. Ukikataa mzigo andika umeukataa, tarehe, sababu, umerudishwa kwa nani. Kitabu cha mizigo iliyokataliwa ni ushahidi mzuri sana kuliko watu wanavyofikiria, mkaguzi akiona umekataa mizigo 6 kwa mwaka anaamini pia ile uliyokubali.

Kitabu cha zamu

Hapa nitakaa kidogo.

Insinereta ya maana ina chemba mbili. Ya kwanza inachoma taka, ya pili inachoma moshi wa ya kwanza. Ripoti yako inaishi au inakufa kwa chemba ya pili. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni nyuzi 850 kwa angalau sekunde 2, na kama taka zina klorini nyingi, yaani zaidi ya asilimia 1 kwa zile hatari, inapanda hadi 1,100. Kwa hivyo kabla ya kutia mfuko wa kwanza, choma diseli tupu mpaka chemba ya pili ifike hapo. Najua diseli ni ghali, bosi atalalamika, lakini moshi mweusi wote ule watu wanapiga picha ni wa zile dakika 40 za kwanza ambapo mtu amejaza taka kwa tanuri baridi ili "zisaidie kupasha".

Hizo sekunde 2 nazo usiamini tu kwa sababu muuzaji alisema. Hewa ikipashwa kutoka 0 hadi 850 inavimba karibu mara 4. Kwa hivyo kama gesi yako ni mita za ujazo 3,000 kwa saa ikiwa imepozwa, ndani ya chemba inakuwa kama 12,300 kwa saa, hiyo ni 3.4 kila sekunde. Sekunde 2 zinahitaji chemba ya pili ya karibu mita 7 za ujazo. Ingia na futi kamba ikiwa imezimwa na imepoa, pima. Kuna mtu Kisumu alipima akapata mita za ujazo 2 na nusu, akanyamaza sana. Afadhali ujue wewe kwanza na uweke kwa mpango wa marekebisho, kuliko mtaalamu wa odit aje akuandikie.

Sasa opereta aandike nini. Kila nusu saa: joto la chemba ya kwanza, joto la chemba ya pili, kilo alizotia, rangi ya moshi kwa chimni kwa macho (hakuna, kijivu, mweusi), na jina lake. Mwanzo na mwisho wa zamu asome mita ya diseli. Kitu chochote kikiharibika aandike saa na alichofanya. Basi. Ukimpa safu 20 atajaza zote kwa mpigo mmoja saa kumi na mbili asubuhi akingoja kubadilishwa, ndio ile 860 860 860.

Na saa. Hii imenisumbua kuliko kitu chochote. Opereta wetu anaandika "saa 2", ni saa mbili usiku, kifaa cha kurekodi joto kinaandika 20:00, na mtu wa maabara kutoka Nairobi anasoma hiyo "saa 2" kama saa nane usiku. Nilikaa siku mbili mzima nikitafuta kwa nini kitabu kinasema taka ziliingia tanuri likiwa nyuzi 90. Halikuwa nyuzi 90, ilikuwa ni Kiswahili. Sasa kwa kila kitabu nabandika karatasi ndani ya jalada, andika 20:00, usiandike saa 2. Na saa ya kifaa irekebishwe kila mwezi, huwa inateleza.

Hicho kifaa cha kurekodi, kama bado huna, nunua. Kinaunganishwa na themokapo, ile waya ya kupima joto ndani ya tanuri, kina kadi ya kumbukumbu, kinaandika kila dakika bila kusinzia. Lakini usitupe kitabu, kitabu kinaeleza kwa nini. Kifaa kitakuonyesha joto limeanguka kutoka 870 hadi 610 ndani ya dakika 25, kitabu kitasema "stima ilipotea, jenereta ikakataa kuwaka, tumeacha kutia taka". Ukiwa na hizo mbili pamoja una ripoti. Themokapo yenyewe hubadilishwa, inachoka ikiwa kwa moto mwaka mzima na kuanza kusoma chini au juu, weka tarehe ulipoibadilisha na cheti cha ile mpya.

Kila mwisho wa mwezi fanya hesabu ya kulinganisha, na hii ndio mkaguzi mjanja atafanya mbele yako. Kilo zilizoingia kwa fomu, kilo zilizochomwa kwa kitabu, kilo zilizobaki stoo, majivu yaliyotoka, lita za diseli. Mfano, umechoma kilo 4,000 ukatoa majivu kilo 480, hiyo ni asilimia 12, mwezi uliopita ilikuwa 11, sawa. Mwezi ujao ikiwa asilimia 4, ama umechoma kitu tofauti, ama kuna majivu yametoka bila kuandikwa. Ikiwa 30, huchomi vizuri, chukua kijiti ukoroge hayo majivu utapata glavu nzima. Diseli nayo haidanganyi, huwezi kuchoma kilo zilezile na nusu ya mafuta halafu uandike 860.

Chimni

Kupima moshi kunahitaji maabara iliyoteuliwa na NEMA, sio mtu yeyote mwenye mashine. Kabla ya kuwapigia angalia chimni yako kama ina matundu ya kupimia na mahali pa kusimama. Tundu likae mahali pamenyooka, kanuni inayotumika sana ni mara 8 ya kipenyo cha chimni baada ya kona au feni, na mara 2 kabla ya mdomo. Chimni ya kipenyo cha nusu mita basi iwe na mita 4 zilizonyooka chini ya tundu na 1 juu. Nimeona watu wa maabara wamefika kutoka mbali, wamevaa kofia na kamba, wakaangalia juu wakarudi kwa gari. Siku yote imepotea na bado unalipa usafiri.

Siku ya kupima choma taka zako za kawaida. Kuna ujanja wa kuchoma katoni kavu siku hiyo ili moshi uwe msafi, wakaguzi wanaujua, wataomba kitabu cha zamu cha siku hiyo na fomu za mizigo. Kwa hivyo andika wazi kwa ripoti: tarehe fulani, kilo ngapi kwa saa, taka za aina gani, joto la chemba ya pili lilikuwa ngapi wakati wa kupima. Ripoti ya maabara isiyo na hizo habari haisemi chochote.

Vinavyopimwa: vumbi, kaboni monoksidi, dioksidi ya salfa, oksidi za naitrojeni, asidi ya haidrokloriki, metali nzito kama risasi, kadimiamu na zebaki, na dioksini na furani, sumu ya jamii hiyo hiyo. Hizo mbili za mwisho ni ghali na sampuli mara nyingi zinapelekwa ng'ambo, kwa hivyo panga mapema, usingoje mwezi ambao leseni inaisha. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm 2004 na miongozo ya huo mkataba inataja nanogramu 0.1 za sumu ya dioksini kwa mita ya ujazo. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, ndio ujue ni kiasi gani hiki kitu kinaogopwa. Zinazaliwa sana moshi ukipoa polepole kati ya kama nyuzi 450 na 200, ndio maana mitambo mizuri inapoza moshi ghafla badala ya kuuacha uzungukezunguke kwa bomba refu.

Sasa matokeo yakija usiyabandike tu kwa ripoti. Angalia yamesahihishwa kwa oksijeni ngapi. Insinereta hupimwa kwa msingi wa oksijeni asilimia 11, kwa sababu ukiingiza hewa safi nyingi kwa chimni namba zinashuka bila uchafu kupungua hata kidogo, ni kama kuongeza maji kwa supu. Hesabu yake: chukua 20.9 toa 11, unapata 9.9. Chukua 20.9 toa oksijeni iliyopimwa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha na namba yako. Mfano vumbi limepimwa miligramu 40, oksijeni ilikuwa 15: 20.9 toa 15 ni 5.9, 9.9 gawa 5.9 ni 1.68, mara 40 ni miligramu 67. Umeona? Kama kikomo chako kingekuwa 50 ulikuwa unasherehekea bure.

Kujua umetoa kilo ngapi kwa mwaka, hapo sasa unatumia ile namba ambayo haijasahihishwa na mtiririko uliopimwa siku hiyo hiyo. Miligramu 40 mara mita 3,000 kwa saa ni gramu 120 kwa saa. Ukifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka, kilo 240 za vumbi. Saa 2,000 unazitoa wapi? Kwa kitabu cha zamu.

Vikomo vyenyewe chukua kwa jedwali la kanuni na kwa leseni yako, weka kwa safu moja na matokeo. Pale umezidi usifiche wala usiandike "kidogo". Andika umezidi, kwa sababu gani, umefanya nini. Ofisa anaweza kuishi na insinereta iliyozidi na ina mpango. Insinereta ambayo haijawahi kuzidi hata siku moja kwa miaka 5 ndio inamfanya achukue gari.

Majivu na maji

Majivu ya chini ya tanuri na yale laini ya kwa kichujio ni vitu viwili, usiyachanganye. Yale laini ndio yana metali nyingi na ndio yanapaa. Yote yapimwe, yapewe kitabu chake, yabebwe na gari lenye leseni kwenda mahali palipokubaliwa, na fomu ya ufuatiliaji irudi ikiwa imetiwa sahihi na aliyepokea. Usiyapeleke jalala la Gioto na canter ya jioni, pale kuna watu wanaochakura na mikono mitupu kutafuta vyuma. Hii naisema kwa hasira kidogo, nimewaona.

Maji ya skraba huwa na asidi, pima pH kila zamu. Yakienda kwa sewa unahitaji kukubaliwa na kampuni ya maji, NAWASSCO kwa Nakuru, KIWASCO kwa Kisumu. Yakitoka kwenda mtoni au ardhini, leseni ya NEMA, na Kanuni za Ubora wa Maji zinataka rekodi za kila miezi mitatu, hii ndio ripoti watu wanasahau zaidi kwa sababu haiji na odit. Na kumbuka tuko wapi. Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka, kinachoingia kinabaki. Kisumu mitaro yote inaishia Ghuba ya Winam.

Majirani

Weka kitabu cha malalamiko getini, mlinzi afundishwe kukitumia badala ya kufukuza watu. Tarehe, saa, jina kama anataka, amesema nini, mmejibu nini. Andika na upepo ulikuwa unaelekea wapi. Kisumu mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na usiku unageuka, kwa hivyo wanaolalamika saa tisa alasiri sio wale wa alfajiri, na ukilinganisha na kitabu cha zamu utajua hata ni mzigo gani. Nakuru usiku wa baridi moshi unalala chini haupandi, mama mmoja aliniambia nguo alizoanika usiku zinanuka hospitali. Hiyo sentensi niliiweka kwa odit vile vile alivyoisema, na ndio ilitupatia bajeti ya kurefusha chimni, jedwali zangu zote zilikuwa zimeshindwa.

Kama bosi anaona haya ni mambo madogo mkumbushe Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliokaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha risasi. Julai 2020 mahakama iliwapa wakaaji shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ikashuka, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha hukumu hiyo. Waliolipishwa sio kiwanda peke yake, hata ofisi za serikali zilizozembea. Ndio maana siku hizi ofisa anakuuliza maswali mawili zaidi.

Siku mambo yanaharibika

Stima imepotea, feni imekufa, chimni ya dharura imefunguka na moshi unatoka bila kupita skraba. Acha kutia taka. Andika saa ilipofunguka, kilo zilizokuwa ndani, saa ilipofungwa, sababu. Piga simu ofisi ya NEMA ya kaunti, kisha tuma barua fupi siku hiyo hiyo, ukurasa mmoja, bila kujitetea. Mwisho wa mwaka jumlisha hizo saa zote uziweke kwa ripoti, mfano "chimni ya dharura ilifunguka mara 9, jumla saa 6 na dakika 20, mara 7 ni stima". Ukiona mara 7 ni stima, umeshapata kitu cha kuweka kwa mpango, jenereta inayowaka yenyewe.

Kuandika odit yenyewe

Kama ni kituo kipya odit ya kwanza ni ndani ya miezi 12 tangu uanze kazi, baadaye kila mwaka. Tafuta mtaalamu aliyesajiliwa na mwenye leseni ya mwaka huo, angalia jina lake kwa orodha ya NEMA kabla ya kulipa, kuna wengi wenye leseni za zamani. Mpe kila kitu: leseni zote na masharti, jumla za mwezi, ripoti za maabara, vyeti vya mizani na themokapo, kitabu cha malalamiko, matukio, fomu za majivu, mafunzo ya wafanyakazi. Mtaalamu akikwambia hahitaji kuja kuona mtambo, ataandikia ofisini, huyo mkimbie, atakuletea odit ya kiwanda cha maziwa aliyobadilisha jina. Nimeisoma moja ilisema "ng'ombe wanakamuliwa katika mazingira safi".

Atahoji majirani na wafanyakazi, mwache awahoji bila wewe kusimama hapo.

Sehemu inayosomwa kwanza na maofisa ni mpango wa marekebisho, mwishoni. Kila tatizo liwe na kitendo, mtu, tarehe na pesa. "Tutaboresha udhibiti wa moshi" haina maana yoyote. "Kubadilisha bana (kichomeo) ya chemba ya pili, fundi mkuu, kabla ya 30 Aprili, shilingi 180,000" hiyo inaeleweka, na mwaka ujao wataanzia hapo kukuuliza. Kwa hivyo usiahidi kitu bosi hajatia sahihi.

Ipeleke kupitia mfumo wa NEMA wa mtandaoni, hifadhi namba ya kupokelewa, chapisha nakala moja ya faili na moja ikae kwa chumba cha opereta. Ndio, kwa opereta. Mzee anayeshika zamu ya usiku pale kwetu huwa anaifungua ukurasa wa jumla ya kilo kuangalia kama namba zake zimeandikwa sawa, mwaka juzi alinionyesha nimeacha siku 4 za Agosti.

Yule ofisa wa mwanzo nilimjibu, "Hapana, haikuwa." Akaandika kwa daftari lake, akaomba kadi ya jenereta, akaona haikuwashwa. Tulipewa amri ya marekebisho na ratiba, kila kitu nilichoandika hapa juu karibu kilitoka kwa hiyo ratiba. Leseni ikiisha Machi, mimi naanza kupiga simu za maabara Oktoba, na kitabu kipya cha zamu nanunua chenye kurasa zilizopigwa namba, hivyo hakuna wa kung'oa.